Nilimzuia mzee mlangoni, sasa kwa Kiingereza nimefanya nini?

Dada mmoja anayefanya kazi kwenye nyumba ya kulea wazee huko kaskazini mwa England kaniandikia hivi, nimefupisha kidogo: "Mwalimu shikamoo. Juzi usiku mzee mmoja mwenye demenshia, ule ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, alitaka kutoka nje saa nane za usiku na baridi ile, kavaa nguo za kulalia, anasema anaenda kazini, nikasimama mlangoni nikamzuia, nikamwongelesha mpaka akarudi chumbani, sikumgusa hata kidogo. Kwenye ripoti nikaandika 'I restrained him'. Asubuhi meneja ananiita ananiuliza nilimshika wapi, mbona sijajaza ramani ya mwili, nani alikuwa shahidi. Shuleni tuliambiwa restrain ni kuzuia, prevent ni kuzuia, hinder ni kuzuia, obstruct ni kuzuia. Ningeandika lipi? Na naomba unieleweshe tofauti zake, maana nataka ripoti zangu zisinitie matatani tena. Na hii iliyoingia kwenye kompyuta nifanye nini?"

Marahaba dada yangu, na pole na shifti za usiku. Jibu fupi ni kwamba usingehangaika kutafuta neno moja la kusimama badala ya zuia, ungeandika ulichofanya na mwili wako, sababu yake, na kilichotokea baada ya hapo. Sasa jibu refu, maana umeuliza tofauti na tofauti zipo kweli.

Kiswahili kinakuruhusu useme "nikamzuia" bila kusema mikono yako ilikuwa wapi. Mtu unaweza kumzuia kwa maneno, kwa kumkazia macho, kwa kufunga geti, kwa kumng'ang'ania kiunoni, yote ni kuzuia na anayetaka kujua zaidi atauliza. Restrain ya Kiingereza cha kazini, iwe ni hospitali, jela, polisi au shule ya watoto wenye mahitaji maalum, inaleta moja kwa moja picha ya mwili uliobanwa: mikono imeshikwa, mkanda umefungwa, mtu kalazwa chini. Kilatini chake cha zamani ni kuvuta nyuma na kukaza, na huo mkazo haujawahi kulitoka hilo neno. Kwahiyo meneja aliposoma sentensi yako aliona mzee wa miaka themanini na kitu kashikwa na mfanyakazi mmoja usiku bila shahidi, na hapo lazima aulize alama ziko wapi mwilini, ndo kazi ya ile ramani.

Na wana sababu ya kuogopa hilo neno. Mwaka 2010 kijana wa London, Olaseni Lewis, miaka 23, alikuwa hospitali ya magonjwa ya akili, polisi 11 wakambana chini kwa muda mrefu na akafariki. Wazazi wake walipigana miaka mpaka bunge likapitisha sheria mwaka 2018 kuhusu matumizi ya nguvu kwenye hospitali hizo, na watu mpaka leo wanaiita Seni's Law. Sheria ile ni ya hospitali za akili, haihusu nyumba za wazee, ila woga wake umesambaa sekta nzima, kila mwenye leseni ya kuendesha sehemu ya kulaza watu akisikia restraint anakaa mkao wa kujibu maswali.

Sasa hapa kuna kitu utashangaa. Wewe unajitetea kwamba hukumgusa, kwahiyo neno ulilotumia ni kosa. Kwa Kiingereza cha mtaani ni kosa kweli, lakini kwa sheria ya huko uliko si lazima liwe kosa. Sheria inayoitwa Mental Capacity Act ya 2005, ya England na Wales, kifungu cha 6, inasema unakuwa umem-restrain mtu kwa njia mbili: ya kwanza ukitumia nguvu au ukitishia kutumia nguvu kumfanyisha kitu anachokataa, ya pili ukimwekea mpaka kwenye uhuru wake wa kwenda atakako, awe amekataa au hajakataa. Soma tena hiyo ya pili. Kusimama mbele ya mlango mtu asipite ni kumwekea mpaka, mkono wako ungekuwa mfukoni muda wote haijalishi. Hata reli za kitanda zilizopandishwa, kiti cha chini sana ambacho mzee hawezi kunyanyuka, fimbo yake ya kutembelea iliyowekwa mbali kwa makusudi, dawa ya kumtuliza ili asisumbue, hivyo vyote vinaweza kuingia humo humo. Wengi wetu tuliolelewa na bibi aliyefungiwa mlango kwa nia njema tunaona ajabu lakini ndivyo ilivyo.

Kwahiyo usilikimbie neno kama ukoma. Sheria hiyo hiyo haikatazi, inakuambia lini unaruhusiwa: huyo mtu awe hana uwezo wa kuamua jambo hilo kwa wakati huo, wewe uwe na sababu ya kuamini kwamba ni lazima ufanye hivyo ili asidhurike, na ulichofanya kilingane na uwezekano wa madhara na ukubwa wake. Mzee mwenye demenshia, nguo za kulalia, baridi kali, saa nane usiku, wewe umesimama na kuongea naye. Ukiyaandika hayo yote mwenye akili anaona mwenyewe kwamba kipimo hakikuzidi. Usipoyaandika, ukaacha "I restrained him" peke yake, msomaji anajijazia mwenyewe, na anayejijazia huwa anajaza baya. Ila angalia, mzee mwenye uwezo wake wa kuamua akisema anatoka, mlango ni wake, unaweza kumbembeleza tu, ukimzibia hapo umeingia kwenye kosa lingine kabisa. Na kama kumzibia mlango ni kila usiku, hilo limetoka mikononi mwako, ni la meneja kuomba kibali halmashauri, kuna utaratibu wake tangu 2009 unaitwa Deprivation of Liberty Safeguards, stafu wanausema dols.

Ningeandika hivi mimi: "At about 2 am he came to the front door in his pyjamas and said he was going to work. It was freezing outside. I stood in front of the door and talked with him. I did not touch him. After about ten minutes he walked back to his room with me." Hamna kitenzi hata kimoja cha kuzuia humo, na hamna mtu atakuuliza ulimshika wapi. Utaona wenzako wanaandika "I redirected him", ni neno lao la kazi, maana yake nilimgeuza mawazo au mwelekeo, ni zuri kuliko restrain lakini likikaa peke yake nalo linaficha, maana ulimgeuza kwa chai au kwa kumsukuma begani? Unaweza pia kuandika "I blocked the doorway", ni kweli na ni wazi, ila jua block ina ubabe kidogo, inasikika kama mpira wa kikapu.

Mambo ya kuchagua neno kwa kuangalia sheria hata wakubwa wanafanya. Oktoba 1962 Rais Kennedy wa Marekani alizungusha manowari kuzunguka Kuba ili meli za Warusi zisipitishe silaha. Kitu kile kwa lugha ya kawaida kilikuwa blockade, ila blockade kwenye sheria za kimataifa ni tendo la vita, basi wakaliita quarantine, neno la karantini ya wagonjwa, na meli zikazuiwa vilevile. Tofauti yako na yake ni kwamba yeye alikuwa na wanasheria chumba kizima na wewe ulikuwa na kibodi na usingizi.

Turudi kwenye prevent, maana hapo ndo Waswahili wengi tunaumia bila kujua. Kwa Kiswahili unaweza kusema "nilimzuia lakini akanishinda akapita" na hamna mtu atakushangaa, kwa sababu zuia yetu inaweza kusimama kwenye juhudi tu. Prevent haina juhudi, ina matokeo. Ukiandika "I prevented him from falling" umesema hakuanguka, basi. Nimeshasoma ripoti inasema mfanyakazi "prevented the resident from falling but she fell", na kwa Kiingereza hiyo ni kusema alianguka na hakuanguka, mpelelezi akiiona anaanza kuhisi unaficha kitu wakati wewe ulikuwa unatafsiri tu kilicho kichwani. Kama alianguka, andika "I tried to stop her falling". Tried hiyo usiione ndogo, ndo inayobeba nusu ya zuia yetu.

Afu sarufi yake. Sisi tunasema "alinizuia kwenda", kwahiyo mkono unaandika "prevented me to go". Hapana. Ni prevent someone from going, stop someone from going, Waingereza wenyewe wanaiangusha hiyo from mara nyingi wanasema "stopped him going" na ni sawa kwao, ila to haipo. Kundi zima la kuzuia linapenda from: hinder, bar, ban, deter, discourage, wote from. Anayependa to ni forbid, na forbid ni kukataza kwa amri, mzee wa watu humkatazi, huna cheo hicho. Wa kuangalia sana ni keep. "I kept him from walking" ni nilimzuia asitembee, "I kept him walking" ni nilihakikisha anaendelea kutembea. Neno dogo limeanguka na ripoti imegeuka kichwa chini miguu juu.

Nichomekee kitu kwa wale wanaosoma ile Biblia ya Kiingereza ya King James ya 1611 kanisani, manake hata wewe huko nadhani mko nayo. Wathesalonike wa Kwanza sura ya 4 mstari wa 15 inasema walio hai "shall not prevent" waliolala, na watu wanaumiza kichwa, tutawazuia vipi wafu? Fungua ya Kiswahili utakuta "hatutawatangulia". Wakati ule prevent ilikuwa bado ina maana yake ya Kilatini, kutangulia, kufika kabla. Ukitangulia mbele ya jambo unaliwahi lisitokee, ndo ikasogea mpaka hapa ilipo. Kwahiyo prevent mpaka leo ni ya kuwahi mapema, "fall prevention" ni yale yote mnayofanya kabla mtu hajaanguka.

Familia ya hold nayo ina mitego yake. Hold ni kushika kwa mikono, ukiiandika umekiri mikono. Hold back ni kumrudisha nyuma mtu anayetaka kwenda mbele, kama kwenye ugomvi, na hapo mikono inadhaniwa pia. Hold up ni kuchelewesha, "the doctor was held up in traffic", au kuvamia benki na bunduki, usichanganye. Detain usiiguse kabisa kwenye ripoti yako, hiyo ni ya mamlaka. Ni kama redio za nyumbani, Kenya mshukiwa "anazuiliwa kituoni", Tanzania "anashikiliwa na Jeshi la Polisi", wote ni detained, yupo pale na hana ruhusa ya kuondoka. Huko Uingereza hata nesi wa hospitali ana nguvu hiyo kidogo tu, mgonjwa wa akili aliyelazwa kwa hiari yake akitaka kuondoka na hali ni mbaya, nesi aliyesajiliwa wa fani hiyo anaweza kumbakiza kwa masaa yasiyozidi 6 akisubiri daktari, chini ya sheria ya afya ya akili ya 1983. Mfanyakazi wa nyumba ya wazee hana kitu hicho.

Withhold inakuhusu zaidi, kwenye dawa. "Medication withheld" maana yake mliamua kutompa, na mna sababu, mfano presha imeshuka sana na maelekezo yanasema usitoe. "Medication refused" maana yake yeye ndo kakataa. Kwa Kiswahili cha haraka haraka mtu anasema "dawa hakupewa" na yote mawili yamo. Ukiandika withheld wakati mzee alitema kidonge umejibebesha uamuzi ambao hukuufanya.

Hinder na impede ni za kupunguza kasi, kitu kinaendelea ila kwa tabu. Ukisema "the furniture hindered the ambulance crew" wale watu wa ambulensi walifika, ila walikuwa wanaruka meza. Impede ni hiyo hiyo ikiwa imevaa tai, unaikuta kwenye barua za daktari, uvimbe una-impede kutembea. Ndani yake kuna mguu, Kilatini kilikuwa kuifunga miguu isiende, na mizigo ya jeshi la Warumi iliitwa impedimenta maana ndo iliyokuwa inawachelewesha. Kinyume chake, kuutoa mguu kwenye kamba, ndo expedite, lile neno mawakala wa bandarini wanalipenda mzigo unapokaa muda mrefu. Ukiwa na jicho utaona Kiingereza kinapenda sana kuzuia kupitia mguu: fetter ni pingu ya mguuni na ni ndugu wa damu wa foot, hobble ni kumfunga farasi miguu asiende mbali malishoni, hamstring ni ule mshipa wa nyuma ya goti ambao ukikatwa mnyama hatembei tena. Hizi tatu za mwisho hazina kazi kwenye ripoti yako ila ukizisoma gazetini ujue, "the council is hamstrung by debt" hamna aliyekatwa.

Na hindrance haina e katikati, hata wazawa wanakosea.

Obstruct ni ya njia: mlango wa dharura, koo, utumbo, barabara. "Wheelchair obstructing the fire exit", hiyo andika bila wasiwasi. Kwa mtu lina harufu ya polisi, Uingereza kumzuia askari kazini kwake ni kosa na linaitwa obstructing, na halihitaji kumgusa. Restrict ni kuweka kiwango, "fluids restricted to 1.5 litres a day", kuna daktari kaamua na kuna kipimo. Limit ni ndugu yake mpole. Ukitaka kusema goti linamsumbua hatembei vizuri, "limited mobility" inatosha, wala huhitaji impede.

Yaliyobaki ni ya magazeti na siasa, nayapitia mbio. Curb ni ya tabia, matumizi, uhalifu, magendo, na asili yake ni mnyororo unaopita chini ya taya la farasi, kwahiyo ukiandika "I tried to curb him" umemfanya mzee farasi. Rein in nayo ni ya farasi, hatamu, na wengi wanaiandika reign kwa makosa kama vile kuna mfalme. Thwart na foil ni za kuharibu mpango wa mtu, kile tunachosema kumtia mchanga kwenye kitumbua, polisi wana-foil shambulio. Ukimwandika mzee wa demenshia kwamba "I thwarted his attempt to leave" umemgeuza jasusi. Stymie imetoka gofu, zamani mpira wa mpinzani ukikaa katikati ya mpira wako na shimo ulikuwa umekwama hivyo hivyo, wakaifuta hiyo sheria 1952 na neno likabaki linatembea peke yake. Hamper ni ya kutatiza, upungufu wa stafu una-hamper kazi, na ile hamper ya Krismasi yenye mafuta na biskuti ni neno lingine limefanana sura tu.

Ulitaja kwenye sehemu ambayo sikuinukuu kwamba pasipoti mpya uliyoombewa ina maneno "without let or hindrance" na ukadhani wamekosea, let si kuruhusu? Hawajakosea. Kulikuwa na let mbili, moja ya kuruhusu, moja ya kuzuia ambayo ni ndugu ya late. Hamlet wa Shakespeare anawatishia wenzake kwamba atamfanya mzimu yeyote atakaye-let, na anamaanisha atakayenizuia. Ya pili imekufa, imebaki kwenye pasipoti za Uingereza na za nchi kadhaa za Jumuiya ya Madola, na kwenye tenisi, mpira wa kuanzia ukigusa wavu refa anasema let, yaani umezuiliwa njiani, rudia.

Sasa kuhusu ile ripoti ambayo tayari imeingia kwenye kompyuta. Usiifute na usimwombe mtu akufutie, kumbukumbu za mgonjwa zikibadilishwa kimya kimya hiyo ndo kesi yenyewe. Ongeza maelezo chini yake, tarehe na saa ya leo unayoandika, useme haya yanafafanua tukio la usiku fulani: "By 'restrained' I meant that I stood in front of the door. I did not hold or touch him." Halafu weka maelezo yote kama nilivyokuonyesha, pamoja na baridi na zile nguo za kulalia. Mwambie meneja umeshaongeza, na umuulize kwa utaratibu wao kusimama mlangoni kunahesabiwa restraint au la, na fomu ipi ijazwe, maana kila nyumba ina fomu zake na akijibu kwa barua pepe unayo.

Na mwambie pia, kama huyo mzee anaamka kila usiku saa hizo anataka kwenda kazini, huenda alikuwa mtu wa shifti ya alfajiri maisha yake yote, muulize familia yake alikuwa anafanya kazi gani, iingie kwenye mpango wake wa malezi.